Maneno 1,200 Kuhusu Trauti

Trauti hukaa uso ukielekea kule mkondo unakotoka. Hilo ndilo la kwanza kwa anayeanza kumvua, na mengine yote yanatokana nalo. Maji humletea chakula na hewa. Yeye hungoja tu nyuma ya jiwe, pale mkondo unapopungua kasi. Kwa hivyo unamwendea kwa nyuma, kutoka upande wa chini wa mto, umeinama, nguo zako hazing'ai, kivuli chako hakigusi maji. Anataka baridi kwa sababu maji baridi hubeba oksijeni nyingi. Yakipita nyuzi 20 hivi anaanza kutaabika. Ukitaka kumrudisha mtoni, lowesha mikono kwanza, usije ukamtoa ule ute unaomkinga na magonjwa.

Nayajua haya yote na sijawahi kumwona trauti hata mmoja.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imetushinda nyumbani, nikaanza kuandikia watu mtandaoni kutoka chumba kimoja hapa Lurambi. Mteja mmoja wa ng'ambo alitaka maneno 1,200: mwongozo wa kuvua trauti kwenye maji baridi ya kaskazini, kwa mtu ambaye hajawahi kushika ndoano. Jina juu ya makala halingekuwa langu. Maagizo yalisema niandike kama mtu aliyekulia mtoni.

Lakini si nilikulia mtoni kweli? Khotsa wangu, kaka yake mama, alinifunza kuvua Isiukhu kabla sijajua kusoma. "Mwiwa," angeniambia, "samaki hakuoni wewe. Anaona kivuli chako."

Katika kusomasoma nikakuta kwamba hata Kenya trauti yupo, ila si mwenyeji. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai yake kutoka Loch Leven, Scotland, akapandikizwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Ni Grogan huyohuyo aliyewachapa viboko Wakikuyu watatu hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907. Miaka mitatu baadaye akaletwa trauti wa aina ya pili, yule mwenye mstari wa waridi ubavuni, na mwaka 1948 kikafunguliwa kituo cha kuwatotolesha pale Kiganjo, karibu na Nyeri. Magharibi huku, trauti yuko juu Mlima Elgon. Kakamega, kwenye mita 1,500 hivi, mito yetu ina joto mno kwake.

Makala ililipa nusu ya kodi ya nyumba. Sina kinyongo, kazi ni kazi. Ila mteja aliandika kwamba aya aliyoipenda kuliko zote ni ile ya kivuli, na hiyo sikuitoa kwenye kitabu chochote.

Nilimweleza khotsa. Alicheka hadi akakohoa. "Kwa hivyo Wazungu wananisoma?" Halafu akanyamaza kidogo. "Na Isiukhu je, uliuandika?"

Hakuna aliyewahi kuniagiza Isiukhu. Basi naandika hapa, bila kuagizwa, kwa jina langu.

Usiende siku ya pili baada ya mvua kubwa. Ndani ya msitu miti hushika udongo, lakini ukishafika kwenye mashamba ya watu mto hubeba kila kitu, na hata mumi hawezi kunusa nyungunyungu kwenye tope kama lile. Ngoja siku tatu, nne. Chimba chambo chini ya migomba, pale maganda yanapotupwa. Nenda jioni, usimame jua likikupiga usoni ili kivuli kibaki nyuma yako: samaki wadogo wa magamba wanaogopa kivuli. Mumi yeye anasikia miguu, kwa hivyo ukishafika ukingoni usitembeetembee. Hakuna haja ya fimbo ya maelfu. Mwanzi unatosha, na uzi, na ndoano moja.

Uzi ukivutwa mara ya kwanza, tulia. Anaonja tu. Khotsa anasema hapo ndipo wengi hurudi nyumbani mikono mitupu, kwa haraka. Akivuta mara ya pili na uzi ukaanza kwenda kando, vuta sasa, na usimshike karibu na mapezi ya ubavuni. Ana miiba.