Kijivu cha Tarime, Kijivu cha Mugumu

"Fundi, nimejenga miaka saba, halafu unirudishie saruji ukutani?"

Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni mwa sebule yake, Tarime mjini, na nilimwelewa. Kwetu kijivu ni rangi ya nyumba ambayo haijaisha. Waliokitaka ni wanawe, na dukani walishachagua vijivu viwili: kimoja chenye ubuluu kwa mbali, kingine chenye uhudhurungi. Kwenye kadi usingevitofautisha.

Kadi siiamini. Niliwahi kuifuata, nikapaka chumba kizima, nikakirudia kwa fedha yangu. Siku hizi nanunua kopo dogo la kila rangi, napaka vipande viwili vya jipsamu, kila kimoja mara mbili, navilaza hadi kesho, kwa sababu rangi ya maji ikiwa mbichi si ile utakayoishi nayo. Kisha naviegemeza ukutani: asubuhi, alasiri, na usiku taa ikiwaka.

Dirisha la sebule ile linatazama migomba. Alasiri wingu lilipotanda, kile cha ubuluu kikavuta ukijani wa majani, kikawa saruji iliyolowa kabisa. Cha hudhurungi kikatulia. Mama akakipapasa kwa kiganja. "Hiki kama jivu la jikoni," akasema. Nikapaka hicho.

Majuma mawili baadaye nilikuwa Mugumu, na rangi zilezile mbili. Ua wa nyumba hiyo umemwagwa kifusi chekundu, na jua likikipiga, wekundu unaingia dirishani na kupanda hadi dari. Kile kilichomtuliza mama wa Tarime hapa kiligeuka waridi, kama ufizi. Cha ubuluu ndicho kilichobaki kijivu.

Wateja wengine huniletea ushauri wa Ulaya kwenye simu, kwamba chumba kinachotazama kaskazini hakipati jua. Sisi tuko kati ya digrii 1 na 2 kusini mwa Ikweta. Juni jua liko kaskazini, Desemba liko kusini. Mimi kwanza nauliza nje ya dirisha kuna nini.

Nilipokuwa naosha rola, mwenye nyumba wa Mugumu akaniambia mwakani atapanda nyasi uani. Nikamwomba asinunue rangi ya vyumba vilivyobaki mpaka ziote, kisha aniite nije na vipande vyangu.