Kosa na Kukosa

Mtu aombaye radhi husema, "Nimekosa." Aliyekwenda sokoni akarudi na kikapu kitupu naye husema, "Nimekosa." Neno ni lilelile. Wa kwanza ametenda lisilo sawa, wa pili amepungukiwa na kitu. Kwa miaka mingi niliyachukulia haya kuwa ni sadfa ya lugha tu, isiyostahili kumshughulisha mtu mzima. Nikaacha kudhani hivyo baada ya kusoma habari za usiku mmoja wa Ulaya, ambao tangu hapo sikuweza kuusahau.

Usiku huo ulikuwa wa tarehe 1 Julai 2002. Juu ya mji wa Überlingen, kusini mwa Ujerumani, katika kimo cha zaidi ya mita 10,000, ndege mbili ziligongana. Moja ilikuwa ya abiria, ikitoka Moscow kwenda Barcelona. Nyingine ya mizigo, iliyotoka Bahrain na kupitia Bergamo ikielekea Brussels. Walikufa watu 71, na kati yao watoto walikuwa 52, wengi wao wanafunzi wa mji wa Ufa waliokuwa wakienda likizo. Anga hiyo, ingawa ni ya Ujerumani, ilikuwa ikiangaliwa kutoka Zurich, Uswisi, na mwongozaji wa ndege aliyeitwa Peter Nielsen. Dunia ilipoamka asubuhi, ilitaka kujua ni nani, na jina lilikuwapo tayari.

Kwamba alikosea, hapana shaka. Alichelewa kuona kuwa ndege mbili zimo katika kimo kimoja na njia zao zitakutana. Lakini hebu tuhesabu alivyovikosa. Alimkosa mwenzake, aliyekuwa amekwenda kupumzika kwa desturi iliyozoeleka na wakubwa wakiijua. Aliikosa ishara ya kuonekana kwenye skrini ya kumwonya ndege zinapokaribiana, kwa kuwa mitambo ilikuwa katika matengenezo. Aliikosa simu, laini kuu zilikuwa zimezimwa kwa sababu hiyohiyo. Waongozaji wa Karlsruhe, Ujerumani, waliiona hatari kwenye rada zao wakampigia, wasimpate. Naye wakati huo alikuwa akihangaika kuupigia uwanja wa Friedrichshafen kwa ajili ya ndege ya tatu iliyochelewa, akihama baina ya skrini mbili kama mpishi mmoja mwenye majiko mawili.

Hatimaye aliiona hatari, akaiamuru ndege ya abiria ishuke. Sekunde chache baadaye chombo cha tahadhari kilichomo ndani ya ndege hiyo kikasema ipande, na cha ndege ya mizigo kikasema ishuke. Marubani wa mizigo walikitii chombo, wa abiria wakamtii mwanadamu, na zote mbili zikashuka. Nani amsikilize nani? Kanuni za wakati ule hazikulijibu swali hilo kwa uwazi uliotakiwa. Na onyo lilikwisha kutolewa: tarehe 31 Januari 2001, huko Japani, ndege mbili za Japan Airlines zilinusurika kugongana kwa mkanganyiko wa namna hiyohiyo. Ni baada ya Überlingen ndipo kanuni za kimataifa zilipoweka wazi kwamba amri ya chombo ndiyo ifuatwe.

Tarehe 24 Februari 2004, Vitaly Kaloyev, aliyempoteza mkewe, mwanawe na bintiye katika ndege ile, alifika nyumbani kwa Nielsen huko Kloten akamuua kwa kisu. Niliwahi kuisimulia habari hii barazani kwetu. Mzee mmoja akasema, "Mwanangu, mfiwa usimhukumu." Mwingine akamjibu, "Na watoto wa yule aliyeuawa, wao si wafiwa?" Pakawa kimya. Mimi, niliye baba, niliwaelewa wote wawili, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Mnamo Septemba 2007 mahakama ya Uswisi iliwatia hatiani wafanyakazi wanne wa Skyguide, kampuni iliyomwajiri Nielsen, kwa kusababisha vifo kwa uzembe. Watatu kati yao walikuwa wasimamizi. Hukumu hiyo ilikuja zaidi ya miaka mitatu baada ya Nielsen kuzikwa. Kisu kilikuwa kimekwisha kuamua kuwa kosa lina mwenyewe mmoja.

Msomaji wa visiwani asidhani haya ni ya mbali. Wazee wetu walilitumia neno rubani kwa mwongozaji wa chombo baharini kabla ndege haijabuniwa, na bahari nayo imetufunza somo hilihili. MV Spice Islander ilipozama baina ya Unguja na Pemba, Septemba 2011, hapakuwa na mtaa usiokuwa na tanga. Midomoni mwetu swali lilikuwa moja: nahodha yuko wapi? Ni swali la haki. Ila chombo hakijijazi chenyewe kupita kiasi. Kila aliyepanda alipita mbele ya macho ya mtu kabla kamba hazijafunguliwa.

Simwombei yeyote msamaha kwa kusema haya. Aliyekosea na aulizwe, ajibu. Ninaloliogopa ni ule wepesi wa kusema "kosa la kibinadamu" kisha tukafunga jalada, kana kwamba binadamu ni mmoja tu, yule aliyekuwa zamu. Walioruhusu simu izimwe bila ya kuwapo nyingine ya kutegemewa ni binadamu pia. Walioona kiti cha pili kitupu, wakakizoea, ni binadamu pia. Wahenga walioliacha neno kukosa libebe maana zote mbili wametuachia maswali mawili. Tukishamuuliza mtu alikosa nini kwa kutenda, tumuulize na la pili: usiku ule, ulikosa nini ambacho sisi tulipaswa kukupa?