Tai chi: ukifuata ngumi, utarudi na mapaja yanauma!

Vijana wengi wa mjini tukisikia tai chi, akili inaruka moja kwa moja kwa Bruce Lee: mateke ya hewani, makelele, na adui kalala chali. Nikwambie mapema mpenzi msomaji, kama hicho ndicho unachokifuata, hiyo nauli ya daladala bora ukanywee soda.

Mimi sikwenda kutafuta ubabe. Mguu wangu wa kushoto ulivunjika kwenye ajali ya pikipiki. Plasta ngumu ilipotolewa mfupa ulikuwa umeunga, ila mimi na mguu wangu hatukuaminiana tena. Nikishuka ngazi nashika ukuta kama bibi kizee, na umri wenyewe miaka 26! Daktari akaniruhusu mazoezi mepesi, mshikaji wangu akanipeleka kwa mwalimu wa tai chi.

Siku ya kwanza usitarajie makubwa. Mkanda hakuna, suruali pana na raba za soli bapa zinatosha. Mtasimama. Ndiyo, kusimama tu: magoti yamelegea, mabega yameshuka, pumzi inaingia na kutoka taratibu. Dakika ya tatu mapaja yanaanza kutetemeka, na pembeni yako yupo mama wa makamo katulia kama maji ya mtungini. Jamani, aibu!

Halafu mnafundishwa kutembea upya, kama watoto. Uzito wote unauhamishia mguu mmoja, ule mwingine unabaki mtupu, ndipo unaunyanyua na kuuweka mbele, kisigino kwanza. Hakuna kurukia. Kwangu hiyo ilikuwa shughuli pevu, maana kila hatua ya pili ilinitaka niukabidhi mwili mzima mguu ule ule ninaouogopa. Ilinichukua miezi minne ndipo nikaanza kuuachia ukuta.

Mitindo ipo kadhaa. Wengi wanaoanza hufundishwa ule mfupi wa miondoko 24, uliotungwa China mwaka 1956 kutokana na mtindo wa ukoo wa Yang, ili watu wa kawaida waumudu. Kuucheza wote ni kama dakika 5 au 6. Kuujua ni miezi. Majina yake raha tupu: korongo mweupe anatandaza mabawa, mikono inapita kama mawingu. Ndani yake zimo kinga na mapigo, maana asili yake ni mapigano kweli, ila wiki za mwanzo ukikumbuka mkono utasahau mguu. Ndiyo kawaida, usinune.

Tahadhari: goti lisizidi vidole vya mguu wala lisipinde kwa ndani, na kama una jeraha mwambie mwalimu kabla hamjaanza. Mwalimu akikuahidi kwamba tai chi inatibu kila ugonjwa, kimbia! Tafiti zimeonyesha kwamba inawasaidia wazee wasianguke ovyo, na hilo peke yake si dogo.

Kwa hiyo kijana mwenzangu, jipe walau miezi mitatu kabla ya kutoa hukumu. Wengi hukata tamaa wiki ya pili, wakati mapaja yanawaka na hakuna cha kuwaonyesha washikaji. Wewe vumilia. Na ukiona yule mama bado anakushinda, mpe shikamoo yake, kisha endelea kusimama.