Swali la Mtoto wa Ngujini

Tulipokwenda Ngujini, katika Milima ya Upare Kaskazini, kukagua wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha, tulikaa nyuma ya darasa kama ilivyo desturi, daftari mkononi. Somo lilikuwa Historia, na mada ilikuwa chimbuko la binadamu. Mwanachuo alieleza vema habari za fuvu la Zinjanthropus, alilogundua Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, na za nyayo za Laetoli zilizofukuliwa kuanzia mwaka 1978, ambazo umri wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 3.6. Ndipo msichana mmoja akanyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, kanisani tumefundishwa kuwa Mungu alimwumba Adamu kwa mavumbi. Sasa tushike lipi?"

Darasa likanyamaza. Mwanachuo akajibu: "Hapa andika la kitabuni. La kanisani liache kanisani." Mtoto akaketi, akainamisha uso, wala hakuuliza tena siku ile.

Tulianza kuandika kosa la mwanachuo, kisha kalamu ikasita. Jibu lile alilipata kwetu. Sisi wenyewe ni Wakristo, tuliolelewa katika sala za asubuhi na jioni. Na tangu shuleni tulijizoeza kuwa na daftari mbili kichwani, moja ya mtihani na moja ya Jumapili. Tulipokuwa wakufunzi tukawarithisha wanachuo ukwepaji huo, tukidhani twalinda amani ya darasa. Kumbe twamfundisha mtoto kwamba kweli ni mbili zisizoonana, na kwamba penye shaka mtu mwema hunyamaza.

Jioni tulizungumza na mwanachuo juu ya ndiva, malambo ambayo wazee wa Upare waliyachimba kwa ajili ya kumwagilia mashamba. Mtu akiuliza maji ya ndiva hutoka wapi na hujaa kwa muda gani, hujibiwa kwa kutazama na kupima: ni ya kijito, hukusanywa usiku, hufunguliwa mchana. Akiuliza ilichimbwa kwa kusudi gani, na ni nani mwenye haki ya maji, kipimo hakimfai, atawauliza wazee. Anayejua mwendo wa maji hajawafuta waliochimba.

Hata hivyo mfano huu hautoshi. Mtoto hakuuliza juu ya kusudi tu. Aliuliza kama mambo yalitukia hivyo. Hapo hatuna budi kusema wazi kwamba umri wa miamba na mifupa hupimwa, na kipimo hakibadiliki kwa kuwa mpimaji ni Mlutheri, Msabato au Mwislamu. Miamba ya milima hii ina umri wa mamia ya mamilioni ya miaka, nayo ni mikongwe kuliko Kilimanjaro, mlima uliozaliwa na volkano. Sisi twaisoma Mwanzo ili tujue dunia ni ya nani, si ili tupate hesabu ya miaka yake. Wala hilo si wazo geni la jana. Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini (354–430), alikwisha kuwaonya Wakristo wasitumie Maandiko kusema ovyo juu ya maumbile, imani isije ikadharauliwa. Wako ndugu zetu wasioisoma hivyo. Mwalimu hana ruhusa ya kuwacheka mbele ya watoto wao, wala ya kuficha matokeo ya vipimo kwa kuwaogopa.

Kesho yake mwanachuo alianza kipindi kwa kumwambia yule msichana: "Jana uliuliza vema, nami nilikujibu vibaya." Akaeleza kwamba nyayo zile zilihifadhiwa katika majivu ya volkano, na kwamba wataalamu hupima umri wa majivu hayo. Swali la imani akawataka walipeleke kwa wazazi na viongozi wa dini, bila kuona haya.

Mkono ukainuka tena: "Mwalimu, majivu hupimwaje?"

Mwanachuo alijua tu kwamba potasiamu iliyomo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni, kwa kiwango kinachojulikana. Zaidi ya hapo alikiri kwamba hajui, akaahidi kutafuta. Katika daftari letu tuliandika kwamba kipindi kilifaulu. Ndugu walimu, pengine kipimo cha somo la namna hii ni hicho: kama mtoto aliyeuliza jana atathubutu kuuliza na leo.