Ukuta Ulipojifunza Kulifuata Paa

Katikati ya miaka ya 1990, nilipoingia kwenye kazi ya kuchora majengo hapa Kampala, ukuta na paa havikujuana. Plani ilikuwa na mistari yake, paa lilikuwa na karatasi yake, na mahali vilipokutana palionekana kwenye mchoro mmoja tu, ule wa mkato. Mteja akitaka paa liinuke, tulikwangua wino kwa wembe, tukachora mkato upya, kisha sura zote nne za nje. Mara kwa mara sura moja ilibaki na paa la zamani, na nakala zilikuwa zimeshatoka zikinuka amonia.

Yaliyopungua kwenye karatasi aliyajaza fundi. Namkumbuka mzee mmoja wa Bundibugyo aliyesimamia nyumba ya ghorofa huko Muyenga, Kiswahili chake kile cha mpakani mwa Kongo. Aliutazama mkato wangu, akaweka kidole pale mstari wa ukuta ulipougusa mstari wa paa.

"Injinia, hapa kuna nini?"

"Ukuta unaishia hapo, mzee. Paa linaanza."

"Panda uone."

Tukapanda. Juu ya safu ya mwisho ya matofali ya kuchoma palipita mkanda wa zege, umeizunguka nyumba nzima, na ndani yake zilichomoza bapa nyembamba za chuma, mbili mbili. Ubao mrefu ulilazwa juu ya mkanda, bapa zikakunjwa juu yake na kupigiliwa misumari. Ndipo kenchi zikakaa. Alishika bapa moja akaivuta kwa nguvu zake zote, nione kwamba haitoki. Alikuwa kijana tetemeko la Machi 1966 lilipoipiga Tooro, upande wa kwao, na kuua watu zaidi ya 100, na aliziona kuta zilivyoachana kwenye pembe kwa kukosa cha kuzishika juu. Kampala, aliniambia, tishio ni upepo unaotangulia mvua: huingia chini ya mabati na kuyainua. Tangu siku hiyo, kila mchoro wa jengo naanza kuusoma pale juu ya ukuta.

Kisha ikaja AutoCAD, programu ya kuchora kwa kompyuta. Tulichora haraka zaidi na tukaacha wembe, lakini mstari ulibaki mstari. Wakati wa mgao wa umeme wa mwaka 2006, maji ya Ziwa Victoria yaliposhuka, jenereta zilinguruma mji mzima, nasi tulichoma mafuta ili kusahihisha kwa mkono sura zile zile nne.

Mabadiliko yenyewe nilikutana nayo kwenye Revit, programu iliyozaliwa Massachusetts, Marekani, ikaanza kuuzwa mwaka 2000 na kununuliwa na Autodesk miaka miwili baadaye. Humo ukuta si mistari miwili. Una unene, una tabaka za matofali na plasta, unajua sakafu unayoanzia na kiwango unachoishia. Kijana mmoja wa ofisini alichora paa la pande mbili juu ya kuta zilizokatika sawasawa, akazichagua, akaiamuru programu iziunganishe na paa. Kuta za ubavuni zikapanda zenyewe, zikaijaza ile pembetatu mpaka chini ya bati. Akaubadilisha mwinamo wa paa; kuta zikalifuata, na mkato na sura zote nne zikabadilika papo hapo. Nilifurahi kwa dhati. Na ukuta ukiunganishwa na paa lisiloufikia, programu hutoa onyo kwamba umeambatishwa lakini umelikosa. Karatasi haikuwahi kutuonya namna hiyo.

Sakafu nazo zina maswali yake. Ukimaliza kuchora sakafu ya ghorofa, programu inakuuliza kama kuta za chini ziishie chini yake. Wengi hubonyeza ndiyo bila kusoma. Mimi hukaa hapo muda mrefu, kwa sababu majengo yetu mengi husimama kwa nguzo na mihimili ya zege, matofali yakijazwa katikati baadaye. Ukuta ukipitishwa moja kwa moja kutoka msingi hadi paa, modeli itahesabu matofali mahali palipo na zege, na mteja atanunua malori asiyoyahitaji. Ukuta ukatwe kila ghorofa, uishie chini ya mhimili. Zege la sakafu liingie hadi kwenye kiini cha ukuta, plasta ya nje ipite mbele yake bila kukatika.

Hata hivyo, kuunganisha huko ni kwa umbo tu. Modeli inajua ukuta unafika wapi, haijui kinachoushika. Vijana waliosoma baada ya wembe huniletea mkato mzuri, wa rangi, ambamo matofali yamepanda hadi kwenye bati lenyewe, na mkanda hakuna, wala ubao, wala zile bapa. Nawaambia wauchore mkanda kama kitu chake, ukuta uishie chini yake, na bapa waziongeze kwa mkono kwenye mchoro wa karibu.

Sasa huko Najjera na Kira watu wanataka paa lililofichwa: kuta zinapita juu ya bati, na ukiwa barabarani huoni paa kabisa. Hapo amri ya kuunganisha haifai, kwa kuwa ukuta haulifuati paa tena. Paa ndilo linaloishia ubavuni mwa ukuta, na maji yote ya mvua ya Kampala yanakuja kwenye kona hiyo. Nimeona dari zilizooza kwa sababu ya kona hiyo moja, modeli yake ikiwa haina onyo hata moja. Kwa nyumba za namna hiyo tunachora mfereji wenye mteremko wake, bati la kuziba lililochomekwa ndani ya plasta na tundu la dharura ukutani kwa siku mfereji utakapozibwa na majani, na mchoro huo tunauchapa Nasser Road, mtaa wa wachapaji, kwa ukubwa ambao fundi atausoma akiwa juu ya ngazi.