Saa ya Mkutano



Mwaka jana tuliitwa kutoa maoni juu ya bajeti ya kaunti. Tangazo lilibandikwa siku mbili kabla, na mkutano ukawekwa Ijumaa, saa tano na nusu. Wanaume walikuwa wakijitayarisha kwenda msikitini, akina mama wamo jikoni. Tulifika watu tisa. Kitabu cha bajeti kilikuwa kimoja, nacho kwa Kiingereza. Bibi mmoja, ambaye kila siku hununua maji ya mkokoteni, aliuliza maji ya mtaa wetu yameandikwa ukurasa gani. Hakujibiwa. Baadaye tukasikia ikisemwa kwamba watu wa mtaa huu hawajali mambo yao.

Maneno hayo yalituchoma, kwa kuwa sisi wenyewe tumezoea kuyasema. Tulipokaa barazani baada ya Alasiri, tukayapima upya. Katiba ya mwaka 2010 imeweka mamlaka yote mikononi mwa wananchi. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika shughuli zake, na Kifungu cha 7 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Haki imekwisha andikwa. Lakini mwenye kupanga saa na lugha ya mkutano ndiye anayechagua nani atasema na nani atanyamaza.

Basi mwaka huu tuliandika barua mapema, kabla ya tarehe 30 Aprili, ambayo ndiyo siku ya mwisho ya kufikisha makadirio ya bajeti katika bunge la kaunti. Tuliomba mkutano uwe Jumamosi baada ya Adhuhuri, na muhtasari uwe kwa Kiswahili. Yote mawili tulikubaliwa. Mahali pa akina mama tulipatengeneza wenyewe kwa mikeka. Ukumbi ulijaa hata wengine wakasimama nje, na watu ni wale wale walioitwa wasiojali.

Maji bado hayajafika. Bibi yetu alionyeshwa ukurasa, akakuta mtaa wetu haumo, na ombi lake likaandikwa. Mwakani, insha'Allah, tutauliza limefikia wapi.

Dini imetufunza shura, na Qur'ani ina sura yenye jina hilo. Tujiulize basi: mikutano ya kamati zetu za misikiti na madrasa huwekwa saa ambayo akina mama na vijana waweza kufika? Tunalolidai kwa kaunti, tulitimize kwetu kwanza.

Wabillahi tawfiq.