Beseni, Kanga na Uwanja

Washikaji wa kijiweni kwetu wamenipachika jina: Yaya. Sababu yao ni kwamba mke wangu ndiye anayetoka alfajiri kwenda kibaruani, na mimi, mwanaume mzima niliyemaliza kidato cha nne, ndiye ninayebaki na binti yetu wa miaka mitatu mpaka saa tisa alasiri. Jina lenyewe sina ugomvi nalo. Kulea mtoto hakumpunguzii mtu ndevu. Ninachotaka kuzungumza nawe, ndugu msomaji, ni kile nilichokiona kwa macho yangu katika miaka hii mitatu: vitu gani hasa vinamweka mtoto mdogo na afya na kumchangamsha, na vipi ni kelele za dukani tu.

Nina sababu nyingine ya kulichunguza jambo hili. Ninaandika riwaya. Nimefika daftari la tatu. Sasa, mwandishi anayelea mtoto ndani ya chumba kimoja cha kupanga Manzese ana kiu ya kitu kimoja tu, nacho ni utulivu. Na kila mtu ana dawa yake. Jirani yangu wa mlango wa pili, mama mwenye roho safi kabisa, aliniambia, "Shemeji, mpe simu tu. Mwekee katuni, hutamsikia mpaka adhuhuri." Na kweli bwana, simu inanyamazisha. Mtoto aliyekuwa akipanda dirisha sasa hivi unamwona amekaa kama aliyegandishwa kwa gundi. Mwandishi anapata ukurasa wake. Lakini huo ukurasa, nikajiuliza, anaulipia nani?

Mwezi wa Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano. Hesabu yake ni rahisi. Mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 4 anatakiwa aushughulishe mwili si chini ya dakika 180 kwa siku, asubuhi kidogo, mchana kidogo, jioni kidogo. Akishatimiza miaka 3, dakika 60 kati ya hizo ziwe za jasho hasa: kukimbia, kuruka, kupanda. Kukaa mbele ya televisheni au simu hakushauriwi kabisa kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka 2, na kwa wa miaka 2 hadi 4 kusizidi saa moja kwa siku, na kukipungua ndiyo vizuri zaidi. Haya, piga hesabu mwenyewe. Saa tatu nzima za kuhangaika! Ukimkabidhi simu tangu asubuhi mpaka adhuhuri, saa hizo tatu atazitoa wapi?

Sisemi televisheni ni shetani. Kwetu kipo kipindi kinachoruhusiwa, nacho ni Akili and Me, kazi ya Ubongo, taasisi iliyoanzishwa hapa hapa Dar es Salaam mwaka 2013. Kipindi hicho kilianza mwaka 2016. Akili ni mtoto wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Akilala huingia katika nchi ya ndotoni, akakutana na rafiki zake wanyama, na huko wanahesabu, wanajifunza herufi, wanaimba. Binti yangu hakiangalii akiwa ametulia. Wao wakihesabu naye anahesabu, wakiimba yeye yuko katikati ya chumba anakata kiuno. Kikiisha, tunazima.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu, na sijakibadilisha mpaka leo: kitu kizuri kwa mtoto ni kile kinachomwachia kazi.

Chukua kile kigari cha kukalia chenye magurudumu, ambacho watu hukiita woka. Alipokuwa na miezi saba ndugu walitaka kutuchangia tukinunue, eti atawahi kutembea. Tukawashukuru, tukaomba mkeka. Wataalamu wa watoto wanasema woka haimharakishi mtoto kutembea, na Kanada ilipiga marufuku kuiuza tangu mwaka 2004 kwa sababu ya watoto walivyokuwa wakiumia, hasa kwa kuporomoka ngazi. Mkekani alilala kifudifudi, akainua shingo, akajivuta, akatambaa, akashika ukingo wa kitanda akasimama. Hakuna aliyemsukuma. Mkeka ulikaa tu, na mtoto akafanya kazi yote.

Au chukua magari ya kuchezea. Mjomba wake alimletea kutoka Kariakoo gari la betri, linaimba, linawaka taa, linageuka lenyewe. Bomba kweli. Siku ya kwanza alilishangaa. Siku ya tatu betri zikaisha, nalo likawa jiwe. Nikachukua kopo la maziwa, nikazilaza kingo zake kwa nyundo zisije zikamkata, nikakata matairi kwenye kandambili mbovu, nikapitisha waya, nikafunga kamba. Hilo gari halina taa wala muziki. Muziki anautoa yeye mdomoni, na breki, na honi, na konda anayeita abiria. Likikatika anajua lilipokatikia, ananiletea na tairi lake mkononi.

Mpira nao ni hivyo hivyo. Sisi tuliokulia kwenye chandimu mipira yetu ilikuwa ya mifuko ya plastiki iliyofungwa kamba. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, wala siililii, maana iliziba mitaro. Siku hizi nashindilia matambara ndani ya soksi kuukuu, nashona mdomo, nazungushia kamba. Haudundi sana, na kwa mtoto wa miaka mitatu hiyo ndiyo sifa yake. Hauvunji kioo cha mtu.

Lakini ukinibana nitaje vitu viwili ninavyovipenda kuliko vyote, nitakujibu bila kufikiri: beseni na kanga. Beseni linamwogesha, likigeuzwa ni ngoma, likijazwa mchanga ni jiko la wali na kuku, likiburutwa ni basi la kwenda Tanga. Angalizo moja tu: maji yakishatumika yamwagwe hapo hapo. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji haba ya beseni au ndoo, tena kimya kimya, bila hata kulia. Kanga nayo haiishi matumizi. Alipokuwa mchanga ilimbeba mgongoni na kumfunika usingizini. Sasa nikiifunga kutoka kitandani mpaka kwenye msumari, ni nyumba. Akiivaa ni bibi harusi. Akiiviringisha ni mwanasesere, na huyo mwanasesere ana homa, na mimi ndiye daktari.

Chakula nacho kina kelele zake za dukani, tena nyingi. Kwangu mie asubuhi ni uji. Nachanganya mahindi, ulezi, soya kidogo na karanga kidogo. Punje nazichambua mwenyewe kabla ya kwenda mashine. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, ile sumu inayotokana na fangasi wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa na kuhifadhiwa vizuri. Moto wa kupikia hauimalizi. Kwa hiyo unga wenye majina kumi hauna maana kama nafaka yake ilivunda. Karanga namsagia tu, simpi nzima, maana kwa umri wake zinaweza kumpalia. Baada ya hapo ni ndizi, papai, embe kwa msimu wake. Ongeza chandarua chenye dawa na kadi ya kliniki, basi, duka langu lote la afya umeshaliona.

Sasa turudi kwenye riwaya. Kuanzia saa mbili asubuhi tuko nje, uwanjani. Uwanja wenyewe ni kipande cha mchanga kati ya safu mbili za vyumba, hatua kumi na nne kwa tisa, nimezipima kwa miguu yangu. Watoto wa nyumba nzima wapo pale: ukuti ukuti, kidali po, kombolela. Wakubwa wakicheza rede humruhusu binti yangu aingie bila kuhesabiwa, naye anakwepa mpira ambao hakuna aliyemrushia. Ikifika saa sita ameloa jasho. Anaoga, anakula, na analala usingizi wa pono mpaka saa nane. Hizo ndizo saa zangu. Madaftari yote matatu yameandikwa kati ya saa sita na saa nane. Utulivu niliokuwa nautafuta kwenye simu nimeupata kwenye jasho la mtoto.

Na ndiyo maana moyo wangu umeingia baridi. Wiki iliyopita lori limeshusha tofali katikati ya uwanja. Mzee mwenye nyumba anataka kuongeza vyumba viwili. Simlaumu, ana wajukuu wa kusomesha, na chumba kinalipa kodi, mchanga haulipi kitu. Lakini nimejaribu kumhesabia binti yangu zile dakika 180 ndani ya chumba kimoja chenye kitanda, kabati na jiko, na hesabu imekataa. Mkeka utapatikana, kanga ipo, kopo la maziwa linaokotwa. Nafasi ya kukimbilia, Kariakoo nzima hakuna anayeiuza.

Wapangaji tumekubaliana, Jumapili tutamfuata mzee kwa heshima zote. Hatutamwomba asijenge. Tutamwomba avipange vyumba vyake upande mmoja, aache hatua saba, na sisi tutajichangisha nguvu kazi ya msingi. Nami nimechaguliwa kuwa msemaji, nadhani kwa sababu wananijua kuwa ni mtu wa maneno. Safari hii jina la Yaya nitakwenda nalo kifua mbele.

Wewe kijana mwenzangu, uliye na mtoto au unayemtarajia, kabla hujaingia dukani toka kwanza nje, upime kwa miguu yako. Ukipata hatua saba, zilinde. Wa kwangu, wakati naandika haya, ameshazipanda zile tofali na anaita abiria wa Tanga.